Foleni ya Wageni

14 Septemba

Nimeanza kuandika kwa sababu nimekatazwa kusema, na mimi Nadra nikinyimwa kusema kichwa huniuma.

Juzi mwanangu Hajar katimiza miaka kumi na nane. Keki tumeikata jana, maana babake, Jusab, ni fundi wa dishidasha, zile kanzu za Kiomani, huko Hamriya na alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Tulikuwa watu watatu na vitumbua vya watu thelathini. Vitumbua ndiyo kazi yangu, nawapikia watu kwa oda hapa hapa kwenye fleti yetu ya Ruwi, na siku ya furaha mkono wangu haujui kupunguza.

Baada ya keki Hajar akafuta vidole, akasema, "Sasa nisikilizeni. Nimekuwa mtu mzima na nchi zenu zinanidai jibu."

Akatueleza taratibu, kama anavyotufundisha kutumia simu. Kwa babake, mtu wa Mandvi huko Kachi, yeye ni Mhindi, na pasipoti yake ndiyo hiyo. Kwangu mimi, mtu wa Kikwajuni, Unguja, yeye ni Mtanzania. Kazaliwa hapa Maskati, lakini kuzaliwa hapa hakumpi uraia wa hapa. Alipokuwa mtoto aliachiwa vyote viwili. Sasa India inampa miezi sita aukane uraia mwingine, la sivyo inamwacha. Tanzania nayo haitaki mtu mzima mwenye nchi mbili.

"Na ukinyamaza?" nikamuuliza.

"Nikinyamaza, Mama, kila nchi itanihesabu kuwa mtu wa mwenziwe. Nitabaki sina hata moja."

Jusab akaweka kisahani chini. Akasema, "Basi mimi na mama yako hatusemi kitu. Hakuna kumvuta mtoto. Yeye mwenyewe atachagua." Akaninyooshea mkono, nami nikaushika. Kwa hiyo nimekula ahadi, na mbele ya mtoto.

Lakini hapa niko peke yangu na kalamu, basi niseme. Namtaka awe wangu. Kila tukienda Unguja, pale uwanja wa ndege kuna foleni mbili. Mimi napita ya wananchi, peke yangu, na wale wawili wanasimama foleni ya wageni na watalii wenye kaptula. Nikishapita nangoja upande wa pili, nawatazama. Mtoto niliyemzaa mimi anagongewa viza kwetu! Sijawahi kumwambia mtu jinsi roho inavyoniuma pale.

Tena nina jambo moja ninalolijua, wao hawalifikirii. Kitovu cha Hajar kilipodondoka nilikifunga kwenye pamba, nikampa mama mkubwa, Bi Mahbuba, aliyekuwa anasafiri kwenda Unguja wiki ile. Kimezikwa uani kwa mama yangu, chini ya mlangilangi. Kwetu mtu ni wa pale kilipo kitovu chake. Sheria ziseme zisemavyo.

15 Septemba

Nimepika urojo wa kwetu Unguja. Si kwa sababu yoyote.

19 Septemba

Nimepika urojo tena. Hajar kala mabakuli mawili, akanitazama, akasema, "Mama, huu urojo umeahidi kutosema?"

4 Oktoba

Ijumaa. Jusab karudi na dabeli za kutosha mtaa mzima, vile vimikate vya kwao vya viazi na punje za komamanga. Miaka yote tuliyooana hajawahi kuleta dabeli nyumbani ila mtu akiumwa. Nikamuuliza nani mgonjwa. Akasema alipita tu, akaziona.

Alipita tu! Hamriya hadi lile duka la dabeli si njia ya mtu kupita tu.

Jioni Dadi, mama yake, akapiga simu ya picha kama kila Ijumaa. Dadi anajua neno moja la Kiswahili, "haya," na analitumia kwa kila kitu. Leo kampanga kila mjukuu mbele ya kamera, mmoja mmoja, kumi na mmoja wote, na kila mmoja kasema salamu kwa Hajar. Mdogo kaimba. Hajar kacheka mpaka machozi. Mimi nimesonga unga wa mchele kwa nguvu ambazo unga hauzihitaji.

5 Oktoba

Nimempigia mama yangu nikamwambia amtumie Hajar sauti yake. Sijamwambia aseme nini. Nimemwambia tu mlangilangi umechanua, sivyo? Akasema haujachanua. Nikamwambia aseme umechanua.

11 Oktoba

Joto limeanza kutoka. Tumefungua madirisha kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na harufu ya biriani ya jirani imeingia bure.

24 Oktoba

Hajar kawa kimya. Kasema chuo kitangoja, hawezi kujaza nchi kwenye fomu wakati hajui ni ipi. Asubuhi ananisaidia kupanga vitumbua kwenye maboksi, mchana anajifungia na simu yake anasoma sheria. Nimemuuliza kama anataka chai. Kasema hapana. Nimemuuliza kama anataka kuzungumza. Kasema, "Na nani, Mama? Nyote mmekula ahadi."

Nilidhani ahadi ile ni ya kumpa nafasi, kumbe tumemwacha peke yake mezani.

Lakini Jusab siku hizi anaongea na Mandvi kila siku, kwa sauti ya chini, na nikiingia chumbani anakata. Kikachi nakisikia kidogo. Nimesikia "Zanzibar" na nimesikia jina langu. Mtu mwenye ahadi haongei chini chini.

18 Novemba

Sikukuu ya taifa. Kila gari lina bendera. Hajar kavaa mtandio wa rangi nyeupe, nyekundu na kijani, katoka na rafiki yake Bashayer kwenda kuona taa. Karudi na kisa. Mama mmoja dukani kamsifu mtandio, kamuuliza kwa Kiarabu, "Wewe binti wa wapi?" Naye kajibu bila kufikiri, "Wa Ruwi." Yule mama akacheka, akamwambia Ruwi ni pa watu wote.

Hajar kanihadithia huku anacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Unajua, Mama, hapa ndipo ninapopajua. Najua mpaka paka wa stesheni ya basi. Na hapa sipo kwenye orodha ya kuchagua."

Nikamwambia kapumzike. Mama mzima, nikakosa neno bora kuliko hilo.

2 Desemba

Oda ya sambusa mia mbili. Sina nguvu ya kuandika.

9 Desemba

Mvua. Si rasharasha, mvua hasa. Maji yametoka milimani, yameshuka kwenye wadi, lile bonde la mto mkavu, barabara imefungwa, na oda zangu zote zimebaki nyumbani. Jusab kashindwa kwenda dukani. Tumekaa watatu tunakula vitumbua vya watu wengine.

Labda ni mvua ndiyo iliyonilegeza. Jusab alipoingia kuoga nikavunja ahadi. Nikamwambia Hajar habari ya kitovu, pamba, safari ya Bi Mahbuba, mlangilangi. Nikamwambia, "Sikuambii uchague nini. Nakwambia tu uko wapi."

Akanishika mkono, akasema, "Kumbe nina kitu kule?" Kwa sauti ndogo, ya mtoto. Furaha niliyoipata wala sikuistahili, lakini nimeipata.

12 Desemba

Kila kitu kimeharibika.

Hajar kampigia bibi yake simu ya picha amwoneshe pale mahali. Ndivyo alivyo, mtu akimwambia jambo lazima akalitazame. Mama akatoka uani na kanga yake kichwani, simu inaonesha mbingu, inaonesha miguu yake, hatimaye ikaonesha mlangilangi.

"Hebu nioneshe ni wapi hasa, Bibi."

"Wapi nini, mjukuu wangu?"

"Kitovu changu. Kile Bi Mahbuba alicholeta."

Mama akaisogeza simu mpaka tukaona pua tupu. "Kitovu gani? Mahbuba alikuja na halua na vitenge viwili, kimoja nnacho mpaka leo. Kitovu hakuleta. Nikadhani mmezika huko huko, nikanyamaza nisikutieni unyonge."

Jusab alikuwa mlangoni na kikombe chake, na ndivyo alivyojua kuwa nimevunja ahadi. Akageuka, akaenda kukiosha kile kikombe. Angalau angegomba.

13 Desemba

Tumekwenda Azaiba, hapa hapa Maskati, kwa Bi Mahbuba, wote watatu, kwenye gari la Jusab.

Bi Mahbuba ni dada mkubwa wa mama yangu. Aliondoka Unguja miaka ya sabini, akaja hapa kwa watu wa mumewe, kawa Muomani na pasipoti yake nyekundu. Nilipokuja Maskati msichana, nilifikia kwake. Jusab alikuja kupima nguo za wanawe nikamwona pale pale. Kwa hiyo ni mama yangu wa hapa, na niliapa njiani kwamba nitamkosea adabu kwa mara ya kwanza maishani.

Alitupokea kwa kahawa na tende. Nikaisukuma kahawa. Nikasema, "Mama mkubwa, kitovu cha Hajar kiko wapi?"

Bibi wa watu akakaa. Akaanza kuvuta pindo la mtandio wake.

"Nnakwambia kweli, Nadra, nilikichukua. Nilikitia kwenye mkoba pamoja na tasbihi yangu. Nimefika uwanja wa ndege, naona askari wanafungua mabegi ya watu, wanauliza, hiki nini, hiki nini. Kuna mmoja kijana, sharubu ndio zinaota. Nikajiuliza, akinifungulia pamba ile, nitamwambia nini? Nimwambie, mwanangu, hiki kitovu cha mjukuu wangu, nnakwenda kukizika Zanzibar? Wallahi angeniita mchawi mbele ya watu."

"Ukakitupa?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Astaghfirullah! Nikitupe? Nilimpa dereva aliyenipeleka arudi nacho, nikamwambia akiweke juu ya kabati, asikifungue. Niliporudi safari nikakizika mwenyewe, kwa bismillahi, pale." Akaonesha dirishani. "Chini ya mndimu."

"Na miaka yote hii hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ulinipigia simu Unguja unalia kwa furaha. Ulisema, sasa mwanangu ana kwao. Nikasema nitamwambia nikirudi. Nikarudi, nikasema nitamwambia akishatoka arubaini. Kisha ikawa aibu, na aibu ikishakaa haitoki."

Nilitaka kusema maneno mabaya na niliyapanga. Lakini Hajar alikuwa keshainuka, katoka nje. Tukamfuata. Kasimama mbele ya mndimu wa Bi Mahbuba, mti mfupi, umejaa ndimu mpaka zinaangusha matawi, na chini yake kuna ndoo ya plastiki na viatu vya mtu wa bustani. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na nguo yake nzuri.

"Azaiba!" anasema. "Nchi mbili zinanigombania, na mimi niko Azaiba, nyuma ya ndoo!"

Bi Mahbuba, kwa huruma yake, akauliza kama tukichimbue, tukipeleke kinapotakiwa. Kama kimebaki kitu cha kuchimbua.

"Hapana," Hajar akasema. Alikuwa kaacha kucheka. Alikuwa anaugusa mchanga kwa kiganja. "Kikae. Hapa hawawezi kunipa pasipoti, lakini kuna kitu changu. Kikae hapa hapa, Bi."

Jusab akachuma ndimu moja, akainusa, akaitia mfukoni. Njiani kurudi ndiye aliyesema neno la kwanza. "Ndimu zile," akasema, "siku zote nilikuwa nasema zina utamu fulani."

Mimi sikucheka.

20 Desemba

Sijampigia Bi Mahbuba. Naye hajanipigia.

28 Desemba

Kumbe nilikuwa nimeegemea pamba ile kuliko nilivyojua. Imeondoka, na sasa najiona vizuri, nami sijipendi sana. Urojo, simu za mlangilangi, ahadi niliyoivunja. Jusab dabeli zake alileta mara moja, akaacha. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kampeni.

6 Januari

Nimempelekea Jusab chakula dukani, kitu ambacho sikukifanya siku nyingi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anakata kitambaa cheupe, miwani puani, mgongo umepinda. Nilisimama mlangoni, hakuniona. Kaingia mteja, kijana wa umri wa Hajar, akamwita "sadiki," yaani rafiki, kama wanavyowaita wageni wote, akamwambia afanye haraka. Jusab akasema, "Hadhir, hadhir," yaani tayari bwana, akatabasamu.

Nikawaza, mtu huyu kaishi hapa kwa ruhusa tangu ujana wake. Kila baada ya muda anakwenda kuomba tena. Akija kwetu anasimama na watalii. Pahali pamoja tu duniani anapoingia bila kuulizwa, ni Mandvi, na kule mimi ndiye ninayebaki kwenye foleni ya viza. Hajar ndiye anayepita naye. Wanapita wawili, wanageuka wananingoja mimi. Sikuwahi kuliona hivyo. Nilikuwa naitazama foleni moja tu, ile inayoniuma mimi.

Tumekula pamoja juu ya meza ya kukatia. Kasema wali una chumvi kidogo. Nikamwambia ni kweli.

17 Januari

Nimefanya lililokuwa zito kuliko yote. Hajar alikuwa anaosha vyuma vya vitumbua. Nikamwambia, "Mwanangu, chukua India."

Akageuka na mikono imejaa povu.

"Nimefikiri," nikasema. "Mimi nina mama yangu kule, nina uani, nina Kiswahili kila pembe ya Maskati. Baba yako kule kwao hana wa kuingia naye ila wewe. Usimwache apite peke yake. Mimi nimezoea."

Hajar akakaa kwenye kiti na povu lake. Akaanza kulia, kisha akawa anacheka, mimi sijui nimshike upande gani.

"Mama, Abba kaniambia nichukue Tanzania."

"Lini?"

"Siku ile ile tuliyotoka Azaiba. Alisubiri wewe uingie jikoni. Alisema, 'Mimi nilikuwa nangoja uchague mwenyewe, lakini ahadi mama yako keshaivunja, basi na mimi navunja.' Alisema, 'Mama yako akipita ile foleni peke yake, akifika upande wa pili, shingo yake inainama. Kila mwaka naiona. Nenda ukasimame naye.'"

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

"Na zile simu za Mandvi? Anaongea chini chini kuhusu mimi?"

"Alikuwa anamzoesha Dadi, Mama. Dadi alikuwa analia. Abba alikuwa anamwambia mtoto hapotei, anakwenda kwa mama yake Nadra." Akajifuta uso kwa mkono wa nguo. "Kwa hiyo mmenisaidia sana nyinyi wawili. Sasa nimerudi pale pale!"

Tumecheka. Tumekumbatiana, mimi na povu lote. Kisha nimekwenda kumpigia Bi Mahbuba, nikamwambia naomba ndimu za achari. Kapokea simu kabla haijalia mara mbili.

18 Januari

Nimempikia Jusab dabeli. Zimetoka mbaya sana. Kala nne.

1 Februari

Hajar katuita mezani. Kavaa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposa. Bila keki safari hii.

"Nimechagua Tanzania," akasema.

Nilitazama meza. Miezi yote nimeyangoja maneno haya, na yalipokuja nilimsikiliza Jusab anavyopumua.

"Si kwa sababu mmoja kanivuta zaidi, wala si kwa kitovu, mnakijua kilipo. Dadi ana wajukuu kumi na mmoja, Abba, na wote wako kule kule, wanaimba. Bibi mjukuu wake ni mimi tu. Na India ukiiacha haifungi mlango. Kuna ile kadi yao ya watoto wa Kihindi walio raia wa nje. Nitaiomba. Naingia nitakavyo, nakaa nitakavyo, maisha yangu yote."

"Kaka yangu anasema hiyo kadi ndiyo uraia wa pili," Jusab akasema. Macho yake yaliangaza kidogo.

"Hapana, Abba. Baba mkubwa anakosea, na wengi wanakosea hivyo hivyo. Ile si uraia. Sitapiga kura, na sitanunua shamba. Ni mlango tu."

Jusab akafikiri. Akasema, "Shamba lenyewe liko wapi?" Akacheka peke yake, akasimama, akamwekea mkono kichwani, akasema dua kwa Kikachi. Kisha akavaa viatu akaenda dukani, na leo ni siku ya mapumziko yake.

Nilimwacha aende. Zamani ningemfuata na maneno.

20 Februari

Pasipoti ya Tanzania imetoka. Hajar kailaza mezani, anaipita, anarudi kuitazama. Mimi nimeifuta vumbi ambalo haina.

26 Februari

Hajar na babake wamekwenda ubalozini kuirudisha ile ya India. Wamerudishiwa ikiwa imefutwa, imekatwa pembe. Jusab kaingia nayo mkononi, kakaa kwenye kochi, akawa anapitisha kidole gumba kwenye ule mkato, anakwenda na kurudi.

"Mkasi butu," akasema hatimaye. "Tazama. Umetafuna. Fundi hakati hivi."

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Lete niione." Kweli ulikuwa mkato mbaya. Akachukua mkasi wake mdogo wa nyuzi, akausawazisha ukingo taratibu, mpaka ukawa safi. Akaitia pasipoti kwenye bahasha, akaiweka pamoja na za kwake za zamani. Akalia kidogo, wazi wazi, nami nikalia naye. Hajar katukuta hivyo, akatutengenezea chai, akakaa katikati yetu.

2 Machi

Ramadhani. Oda nyingi mno. Alhamdulillahi.

9 Machi

Dadi kapiga simu. Hajar kamwonesha karatasi za maombi ya kadi. Dadi kasikiliza tafsiri ya Jusab mpaka mwisho, kajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kasema, "Haya." Safari hii nadhani lilikuwa mahali pake.

14 Machi

Miezi sita imekwisha. Hakuna kilichotokea. Nimekaanga sambusa.

31 Machi

Idi. Tumekwenda Azaiba kula kwa Bi Mahbuba. Kaukata mndimu matawi ya chini, kaiondoa ile ndoo na viatu, na kaweka mawe meupe kuuzunguka. Hajar kamwambia, "Bi, sasa umenijengea kaburi." Bibi kacheka mpaka meno yakamcheza.

7 Aprili

Unguja. Naandika kitandani kwa mama yangu, na nje kuna mvua ya masika.

Leo tumeshuka kwenye ndege watatu. Foleni mbili, kama siku zote. Hajar akatoa pasipoti yake mpya, akanitazama, akanipa mkono twende. Nikaenda naye hatua chache. Nilikuwa nimeingoja foleni hii tangu alipozaliwa.

Nikageuka. Jusab alikuwa kasimama nyuma ya Mzungu mmoja mwenye begi la mgongoni, pasipoti yake kaishika kwa mikono miwili, anatutazama na kutabasamu, na shingo imeinama. Kumbe ndivyo inavyokuwa.

Nikamwambia Hajar, "Tangulia." Nikarudi, nikapita chini ya kamba, nikasimama karibu na mume wangu.

Askari akaja mbio. "Mama, wewe raia. Foleni yako ile pale."

"Naijua," nikamwambia. "Nimekuja na mgeni wangu."

Bega la Jusab likaegemea bega langu, na tukasogea hivyo, polepole, pamoja na watalii. Hajar alipita mara moja. Nilimwona anagongewa, anamshukuru yule mtu, anachukua begi. Akafika upande wa pili, pale pale ninaposimama mimi kila mwaka, akageuka kututafuta.

Alipotuona tumesimama wawili, akauweka mkono mdomoni. Kisha akanyoosha shingo yake, akapaza sauti juu ya vichwa vya watu wote:

"Karibuni! Karibuni kwetu!"

Na Jusab, kabla sijafungua mdomo, akamjibu kwa Kiswahili chake chote, "Tumeshakaribia, mwanangu."